Kuunganisha spika na amplifaya ya nyumbani: kazi iko kwenye ncha za waya

Amplifaya nyingi zilizofika mezani kwangu zikiwa zimeungua hazikuuawa na sauti kubwa wala uzee. Ziliuawa na uzi mmoja wa shaba, mwembamba kama unywele, uliochomoza kwenye ncha ya waya wa spika ukaenda kugusa terminali (kishikio cha kuunganishia waya) ya jirani. Mwenyewe hakuuona. Aliwasha, muziki ukalia kidogo, kisha kimya na harufu ya kuungua. Kwa hiyo hapa nitakaa sana kwenye ncha za waya, na nitapita upesi kwenye yale ambayo watu hubishana usiku kucha, kama vile waya gani una sauti tamu zaidi.

Hatua ya 1: Chomoa plagi ukutani

Usitosheke na kubonyeza rimoti, maana amplifaya iliyozimwa kwa rimoti bado ina umeme ndani. Chomoa kabisa, subiri dakika moja au mbili, kisha igeuze uone mgongo wake.

Tafuta maandishi yaliyo karibu na terminali za spika. Utakuta kiwango cha omu, yaani kipimo cha ukinzani, jinsi kitu kinavyozuia umeme kupita, kwa mfano 4 hadi 16, au 6 hadi 16. Sasa angalia nyuma ya spika zako, nazo zina namba yake: mara nyingi 4, 6 au 8. Namba ya spika isiwe chini ya ile ndogo iliyoandikwa kwenye amplifaya. Omu zikipungua, amplifaya inavutwa umeme mwingi zaidi, inachemka.

Kama ina seti mbili za terminali, A na B, tumia A peke yake kwa spika mbili. Kwenye amplifaya nyingi, ukiwasha A na B pamoja, spika mbili za omu 8 zilizo upande mmoja huonekana kama omu 4. Wengi hunasa hapo, wanaongeza spika sebuleni bila kusoma yale maandishi.

Hatua ya 2: Pima njia, chagua unene

Pitisha kamba mahali waya utakapopita, ukifuata ukuta na kona, kisha ongeza nusu mita. Waya uliovutwa ukakaza kama uzi wa gitaa siku moja utachomoka, au utaangusha spika.

Kuhusu unene, kwa chumba cha kawaida waya wenye milimita za mraba 1.5 kila upande unatosha. Hesabu yake ni hii: mita 10 za waya huo, umeme ukienda na kurudi, zina ukinzani wa omu 0.23 hivi. Sisi mafundi huwa tunataka ukinzani wa waya usizidi asilimia 5 ya omu za spika, yaani 0.4 kwa spika ya omu 8. Uko salama. Kwa spika ya omu 4 na umbali huohuo, chukua milimita za mraba 2.5.

Kitu kimoja cha kuangalia ni shaba yenyewe. Kwarua nyuzi chache kwa kisu. Ukiona weupe ndani, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba. Itapiga muziki, lakini inahitaji unene zaidi, na nyuzi zake hukatika haraka ukizikunja mara kwa mara. Mimi siipendi, hasa kwa sababu ya huko kukatika.

Nyaya za kushoto na kulia zikitofautiana urefu kwa mita moja au mbili, sikio halitajua.

Hatua ya 3: Menya ncha

Tenganisha zile njia mbili za waya kwa sentimita 3 au 4 tu. Kisha menya ganda kiasi cha milimita 10 hadi 12. Kama una koleo la kumenyea, chagua tundu linalolingana na unene. Kama una kisu tu, usikate moja kwa moja kuelekea katikati. Zungusha makali juu ya ganda taratibu, likunje mpaka lipasuke lenyewe, kisha livute. Ukikandamiza kisu unakata nyuzi, na nyuzi zilizokatwa nusu ndizo zinazokuja kuchomoza baadaye.

Sokota nyuzi zote kwa vidole, kuelekea upande mmoja, mpaka ziwe kama kamba ndogo iliyobana. Inua ncha kwenye mwanga, izungushe. Hesabu kwa macho: hakuna uzi uliobaki nje? Ukiuona hata mmoja, usiukate ukaendelea; fungua, nyoosha, sokota upya.

Watu wengi huniuliza kama wazipake risasi ya kulehemu ili nyuzi zishikamane. Kwa terminali za kukaza kwa skrubu, jibu langu ni hapana. Risasi ni laini, hujisogeza polepole chini ya mkazo, na baada ya muda muunganisho unalegea. Shaba tupu iliyosokotwa vizuri hushika kuliko hiyo.

Ukitaka usafi zaidi, tumia plagi za banana, zile za milimita 4. Zinaficha nyuzi zote ndani na zinafanya kazi ya kuchomoa na kuchomeka iwe nyepesi. Kwenye amplifaya nyingine matundu yake yamezibwa kwa vifuniko vidogo vya plastiki ambavyo lazima uving'oe kwanza.

Hatua ya 4: Anza na spika, malizia na amplifaya

Mpangilio huu nausisitiza. Ukianzia kwenye amplifaya, zile ncha nyingine zitakuwa zinaburuzika sakafuni zikigusana, na mtu akiwasha kwa bahati mbaya, umepata shoti.

Chunguza waya wako: upande mmoja una mstari, au maandishi, au mfuo unaouhisi kwa kucha, au shaba ya upande mmoja ni nyeupe. Amua kwamba huo wenye alama ndio chanya, na usibadili mpaka mwisho wa kazi. Wenye alama uende terminali nyekundu, mwingine nyeusi.

Spika nyingine zina terminali nne zilizounganishwa kwa vipande vya chuma. Viache vipande hivyo mahali pake, tumia jozi moja tu. Ukiviondoa ukaunganisha jozi moja, utasikia besi pekee au sauti nyembamba pekee.

Kabla ya kugusa amplifaya, weka multimita (mita ya kupimia umeme) kwenye ncha za upande wa amplifaya, upime omu. Spika ya omu 8 husoma kama 5 hadi 7, na hiyo ni kawaida. Ukisoma karibu na sifuri, kuna shoti. Mita isiposoma kitu, kuna mahali pamekatika.

Sasa unganisha amplifaya: nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi, kushoto na kulia kila moja mahali pake. Shaba iingie mpaka ganda liguse mdomo wa terminali, lakini ganda lenyewe lisibanwe ndani. Kaza kwa vidole, si kwa koleo. Kamwe usiunganishe nyeusi ya kushoto na nyeusi ya kulia kwa waya mmoja ili kupunguza kazi. Zipo amplifaya ambazo nyeusi yake nayo ina umeme wa sauti, na hizo huungua papo hapo.

Hatua ya 5: Washa, kisha sikiliza katikati

Sauti iwe chini kabisa. Washa, panda taratibu. Geuza balansi kushoto, kisha kulia, uhakikishe kila spika inalia upande wake.

Kisha keti katikati ya spika mbili, weka wimbo wenye mwimbaji mmoja. Sauti yake inapaswa kusimama mbele yako, kati ya spika. Ikiwa imetawanyika haijulikani inatoka wapi, na besi imekonda, spika moja imegeuzwa chanya na hasi: koni moja (ile sehemu ya spika inayotikisika) inasukuma wakati nyingine inavuta, na besi zinamezana. Zima, chomoa plagi, geuza nyaya za spika moja tu.

Ukiwa na shaka na spika yenyewe, itenganishe kabisa na amplifaya, kisha gusisha betri ya volti 1.5 kwa sekunde moja, chanya kwenye nyekundu. Koni ya besi inapaswa kuruka mbele.

Baada ya wiki tatu au nne, chomoa tena plagi na kaza terminali zote upya. Karibu kila mara nakuta moja imelegea, na mara nyingi ni ile iliyo nyuma ya kabati, ambayo mkono hauifikii vizuri.