Mzazi akija na kitabu kimefungwa kwenye gazeti

Nimeshika funguo za maktaba ya shule moja ya msingi ya mchepuo wa Kiingereza hapa Tanga kwa miaka 11. Kazi niliyoajiriwa ni kufundisha Kiswahili. Maktaba niliangushiwa kwa sababu nilikuwa nikilalamika kila kikao kwamba vitabu vinaliwa na mchwa. Katika miaka hiyo wazazi saba wamenijia kulalamika kuhusu uchawi vitabuni. Lalamiko la kwanza nililiharibu vibaya. Namwandikia mwalimu ambaye lake bado halijafika.

Mama yule alikuja saa moja na nusu asubuhi, kabla ya kengele. Kitabu alikizungushia gazeti kama samaki wa soko la Deep Sea, maana hakutaka kukigusa. Jalada lilikuwa na joka, na mtoto ameshika fimbo inayotoa cheche. Binti yake wa darasa la tano alikuwa akiweweseka usiku. "Mwalimu, nimewaletea mtoto mumfundishe kusoma, nyie mnamfundisha kuroga?" Nami kwa ujuaji wangu nikacheka. Nikamwambia, "Mama, hizi hadithi tu, uchawi wenyewe haupo."

Usiseme hivyo kamwe. Kwanza, hukuulizwa. Pili, kwa mzazi huyo uchawi upo, na nchi yenyewe ina Sheria ya Uchawi tangu 1928, enzi za Mwingereza. Mwaka uleule wasichana wa darasa la saba walipandisha mashetani, mmoja baada ya mwingine, mpaka masomo yakasimama siku mbili. Mama alilijua hilo, na mimi nilikuwepo. Kumcheka kulikuwa kumwambia kwamba hana akili, na kuanzia hapo hakusikia neno langu lingine lolote. Alipoondoka nikaogopa, nikakitia kitabu kwenye droo na kufunga. Ndani ya wiki watoto wote wa darasa la tano walikuwa wanakitafuta. Mkuu wa shule aliponiuliza nani kalalamika, lini, na tumeamua nini, sikuwa na hata mstari mmoja wa kumwonyesha.

Sasa nafanya hivi. Mzazi akiingia, namwekea kiti, mbali na masikio ya watoto, na nafungua kaunta buku. Namwuliza: umeona ukurasa gani? Mtoto alikwambia nini kwa maneno yake? Lilianza lini? Naandika anavyosema, simsahihishi. Mara nyingi chanzo cha hofu hakimo kitabuni. Baba mmoja alizungumza robo saa nzima juu ya majini, mwisho akasema mwanawe ameanza kutaniwa darasani kwamba bibi yake mchawi. Basi tukashughulikia utani. Kitabu hakikutajwa tena.

Akishamaliza, tenganisha mambo mawili, na uyataje kwa sauti. Kama anataka mwanawe asisome kitabu fulani, neno lake ndilo la mwisho, hakuna kikao. Mimi huandika kwenye daftari la kuazima vitabu, mbele ya jina la mtoto, na namwonyesha mzazi nimeandika nini. Naandika kwa penseli, maana wazazi hubadilika. Lakini akitaka watoto wote wasikisome, hapo anawaamulia na wazazi wengine, na hao nao wana haki. Hilo linahitaji fomu.

Fomu yangu ni ukurasa mmoja, kwa Kiswahili chepesi. Umekisoma kitabu chote au sehemu? Ni kurasa zipi zimekukwaza? Unahofia kitamletea mtoto nini? Ungependa tufanye nini: kihamishiwe madarasa ya juu, au kiondolewe kabisa? Je, una kitabu kingine unachotupendekezea? Swali hilo la mwisho usiliache, linamgeuza mlalamikaji kuwa mshauri. Kati ya wale saba, watatu tu ndio waliojaza. Wengine walikuwa wanataka kusikilizwa.

Wakati fomu inashughulikiwa, kitabu kinabaki kwenye rafu. Wakuu wa shule hawapendi jambo hili, lakini ukikiondoa mapema umeshahukumu kabla ya kesi, na kila atakayekuja baadaye atajua kwamba kulalamika kunatosha. Isipokuwa amri ya serikali. Februari 2023 Wizara ya Elimu ilipiga marufuku vitabu 16 katika shule zetu, kwa kosa la kwenda kinyume na maadili yetu, na ikaagiza viondolewe maktabani. Kitabu kikiwa kwenye orodha ya namna hiyo unakitoa leo, hakuna mjadala. Ila isome orodha yenyewe, maana nimeletewa picha yake kwenye simu na mzazi aliyeshikilia kwamba vitabu vyote vya kigeni vyenye katuni vimepigwa marufuku.

Fomu iliyojazwa inakwenda kwenye kamati. Yetu ina watu watano: mimi, mwalimu wa darasa la sita, mzazi mmoja kutoka kamati ya shule, ustadhi anayefundisha dini ya Kiislamu, na mchungaji anayefundisha ya Kikristo. Sharti ni moja, kila mtu asome kitabu chote. Nakala ni moja, hivyo kila mmoja anapewa wiki, na mzazi anaambiwa mapema kwamba jibu litachukua mwezi na kitu. Siku ya kikao naleta chai na vitumbua. Asiyesoma anakula, lakini hapigi kura.

Sharti hilo linalindwa na jambo jingine: mkuu wa shule akubali kabla ya kikao kwamba uamuzi wa kamati utaheshimiwa. Wamarekani wana uzoefu mrefu kwenye haya. Chama cha Maktaba cha Marekani kiliweka Harry Potter, hadithi za mtoto anayesomea uchawi, namba moja kati ya vitabu vilivyopingwa zaidi 2000 hadi 2009. Katika mji mdogo wa Cedarville, Arkansas, kamati ya watu 15 ilisoma malalamiko juu ya vitabu hivyo na wote 15 wakaamua vibaki. Bodi ya shule ikaipuuza kwa kura 3 dhidi ya 2, ikataka mtoto alete kibali cha mzazi ndipo aazime. Mwaka 2003 jaji akaamuru virudishwe kwenye rafu bila masharti. Mpaka leo naifikiria ile kamati ya watu 15 iliyopotezewa muda wake.

Hoja za dini usizijibu wewe. Mimi ni Muislamu wa kawaida, si shehe, na nikianza kumfasiria mzazi Mkristo Biblia yake, nimekwisha. Lakini zijue zitakazokuja. Kumbukumbu la Torati sura ya 18, inayokataza uchawi, itasomwa. Matendo 19:19 itasomwa pia, pale watu wa Efeso walipochoma vitabu vyao vya uganga vyenye thamani ya fedha elfu hamsini. Upande wetu itatajwa aya ya 102 ya Suratul Baqara, juu ya Haruta na Maruta, malaika wawili wanaotajwa katika habari ya uchawi. Waachie wenye elimu. Mchungaji wetu alisema vile vya Efeso vilikuwa vya waganga wenyewe, vya kufanyia kazi. Ustadhi akauliza swali ambalo tangu siku hiyo ndilo kipimo chetu: "Mtoto akimaliza kusoma, kuna kitu atajua kukifanya?" Hadithi ya mtoto anayeruka juu ya joka haifundishi kuruka. Lakini kwenye boksi la msaada kutoka nje niliwahi kukuta kitabu kizuri chenye picha, kinaelekeza hatua kwa hatua namna ya kupiga ramli kwa karata. Hicho nilikitoa mwenyewe, bila kungoja mzazi. Ndiyo maana nasema boksi la msaada lisiingie kwenye rafu kabla hujalipekua kitabu kimoja kimoja.

Si kila mtu atakikubali kipimo hicho. Mwaka 2019 padri wa shule moja ya Kikatoliki huko Nashville alitoa Harry Potter maktabani akisema maneno ya kuroga yaliyomo ni ya kweli, tena alikuwa ameshauriana na wapunga pepo wa Marekani na Roma. Mzazi mwenye imani kama hiyo hutambadilisha. Mpe jibu lenye sababu, na uhakikishe mwanawe hakiazimi.

Kuna silaha moja itakuvutia: vitabu vyetu wenyewe. Shaaban Robert alituandikia Adili na Nduguze, ndugu wawili wanageuzwa manyani na jini, na Adili analazimika kuwachapa kila usiku. Kusadikika ni nchi iliyo angani. Hiyo nayo ni fantasia, na wazee wetu waliisoma shuleni. Nilimtolea baba mmoja hoja hiyo kwa mbwembwe. Akanitazama, akasema, "Kumbe. Basi na hicho nacho kitoeni." Tangu hapo siitumii kumbana mtu. Naitumia Januari, kwenye mkutano wa kwanza wa wazazi: nawasomea kurasa mbili za Adili kabla hakuna aliyekasirika, kisha nawaeleza kwamba hadithi za maajabu za Kiingereza zipo rafu gani, na fomu ipo wapi.

Jibu la kamati liandikwe, nusu ukurasa, mkuu asaini. Taja kurasa alizozilalamikia mzazi, ili ajue zilisomwa. Na kubali pale alipo sawa. Lalamiko la nne lilihusu kitabu chenye picha ya mtoto akinywa damu kutoka kwenye bakuli, nacho kilikuwa rafu ya darasa la tatu. Hakuna aliyemtetea mtunzi. Tulikihamishia darasa la saba, na yule mama tukamwandikia asante.

Kwenye kundi la wazazi la WhatsApp usibishane hata kidogo. Andika mara moja: nimepokea, karibu shuleni kesho saa nane mchana. Kisha zima simu. Nilipojaribu kujibu hoja usiku, nilijikuta saa sita bado naandika, na watu waliokuwa hawajui hata jina la kitabu wanatuma aya.

Kila fomu, na nakala ya jibu, zitie kwenye faili moja lililoandikwa mwaka mgongoni, na faili lisikae maktabani, likae ofisi ya mkuu. Kile kitabu cha kwanza nilikikumbuka baada ya miaka miwili, nikafungua droo. Mchwa walikuwa wameshafika ukurasa wa 40.