Somo: Kuanzisha kikundi cha maigizo mtaani na kukivusha siku ya bahasha ya kwanza

Habari zenu ndugu. Wengi mmekuwa mkiniomba somo hili, nami nimekuwa nikiahidi. Haya, leo nimekaa. Naandika kutokana na niliyoyapitia Makorora, Tanga, na kikundi cha vijana tulichokianzisha tukiwa tisa, hatuna ngoma hata moja.

Nianze na jambo ambalo wengi hawapendi kulisikia. Vikundi vya maigizo mitaani havifi kwa kukosa vipaji; mtaa wowote una vipaji vya kumwaga. Vinakufa siku bahasha ya kwanza, yaani malipo ya kwanza ya onyesho, inapoingia. Kwa hiyo ukiona hatua za mwanzo nazipita haraka, ujue nakimbilia huko.

Hatua ya 1: Mahali kwanza, watu baadaye

Msianze kukusanya watu kisha mkahangaika pa kuwaweka. Nendeni kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, wawili au watatu tu, mmevaa kiheshima, mkiwa na siku na saa mnazozitaka. Mkikosa, jaribuni kwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi; huyo hulainika akisikia mtafagia uwanja mkimaliza. Sisi tulikosa kote kuwili, tukaangukia nyuma ya banda la mashine ya kusaga. Mashine ikiwashwa, ama upaze sauti ama unyamaze. Mpaka leo waigizaji wetu hawaulizi habari za kipaza sauti.

Hatua ya 2: Watu

Kumi na wawili hadi kumi na watano wanatosha. Siku ya kwanza watakuja thelathini. Msiwafukuze, wala msiwafanyie usaili wa vipaji. Fungueni daftari la mahudhurio, mwite majina kila siku, basi. Sisi Tanga tuna ule msemo wetu, waja leo waondoka leo, na kwenye maigizo ni kweli tupu. Baada ya mwezi daftari litakuwa limechuja lenyewe, na mtashangaa: yule mchekeshaji wa kijiweni hayupo, na yule mpole asiyesema kitu hajakosa hata siku moja.

Wasichana wana hatua yao ya peke yake. Usimwambie binti aombe ruhusa nyumbani, nendeni nyinyi. Tafuteni mama mmoja wa mtaani anayeheshimika awasindikize, mkaage kwa wazazi, mseme mazoezi yanaanza saa ngapi na kwisha saa ngapi. Kisha mlinde saa hiyo kama amana. Sisi tunafunga kabla ya magharibi hata kama onyesho limepamba moto.

Hatua ya 3: Mazoezi

Siku tatu kwa wiki, saa kumi hadi saa kumi na mbili kasorobo. Anzeni na ngoma dakika kumi na tano. Inachangamsha mwili na inawaita watoto wa jirani, ambao ndio watazamaji wenu wa kwanza na wakali kuliko wote.

Tatizo kubwa la vijana wetu ni kuiga tamthilia za kwenye runinga. Kila igizo lina mtu anayebamiza mlango usiokuwapo na mwingine analia mpaka kamasi. Dawa yake ni hii: mpeleke mwigizaji soko la Mgandini, akae saa nzima amtazame muuzaji mmoja tu, kisha arudi aoneshe mikono ya yule mtu. Mikono tu, bila neno. Akiweza mikono, uhusika mwingine unakuja wenyewe.

Maneno hatuyaandiki. Tunaandika mfuatano wa matukio kwenye bango, mistari sita au saba, na kila mtu anajua anaingia wapi na anatoka na nini. Waliozoea kukariri watalalamika. Waache walalamike.

Hatua ya 4: Igizo litoke mtaani

Hapa tukae kidogo.

Kazi hii haikuanza jana. Mwaka 1982 na 1983, walimu wa sanaa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akina Penina Muhando Mlama, Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi, walifanya kazi na vijana wa kijiji cha Malya, Kwimba. Hawakwenda na igizo mkobani. Waliwauliza wanakijiji lipi linawakera, na yakatoka mambo ya mabinti kupata mimba na vijana kukosa shughuli. Igizo likajengwa juu ya hapo, kwa ngoma zao, na baada ya kuonyesha watu wakakaa kujadili. Huko Amerika ya Kusini, Augusto Boal, mwongoza maigizo wa Brazili, naye alikuwa ameshaanza kumruhusu mtazamaji kusimamisha mchezo na kuingia mwenyewe kuigiza. Sisi tunachanganya yote mawili.

Mfano wetu. Wasichana wa kikundi walisema wanachelewa shule kwa sababu ya kioski cha maji: kinafunguliwa saa moja, na bila maji nyumbani hawatoki. Tukatunga igizo. Binti yuko kwenye foleni ya ndoo, muuza maji yumo ndani anapiga mswaki taratibu huku watu wanangoja, binti anafika shule amechelewa, mwalimu anainua fimbo. Hapo tukasimamisha. Mwezeshaji, yaani anayeongoza mjadala na watazamaji, akauliza, “Nani hapa angefanya vingine?”

Mama mmoja muuza mihogo akaingia uwanjani, akamvua binti kanga, akajifunga yeye. Tulidhani atakwenda kwa mwalimu. Hapana. Alirudi nyuma hadi kwa muuza maji, akamwambia, “Lete ufunguo, nitafungua mwenyewe.” Watu wakacheka mpaka wengine wakakaa chini.

Kumbe muuza maji mwenyewe, yule wa kweli, alikuwa katikati ya watazamaji. Akasimama kwa hasira. Akasema tumemwaibisha bure, ufunguo hakai nao yeye. Unalala kwa mjumbe wa kamati, na mjumbe huamka saa atakayo. Uwanja ukanyamaza.

Igizo letu lilikuwa limekosea. Tulimpa ubaya mtu asiyekuwa nao, kwa sababu ndiye tuliyezoea kumwona dirishani. Tangu siku hiyo hatuonyeshi igizo kabla ya kuzungumza na kila upande unaoguswa, na hasa yule tunayetaka kumfanya mbaya. Muuza maji tulimwomba radhi hadharani. Baadaye akawa anatuazima ndoo za maonyesho.

Hatua ya 5: Siku ya kuonyesha

Simameni katikati, watu wawazunguke. Jukwaa la juu linatenga. Tangulizeni ngoma, sarakasi kama mnayo, igizo lisizidi nusu saa, kisha mjadala. Mwezeshaji awe mtu anayejua kunyamaza. Akianza kuhubiri, mwondoeni, wekeni mwingine. Na pelekeni barua kwa mtendaji wa kata mapema, nakala kituo cha polisi, mbaki na nakala yenye mhuri. Ile karatasi itawaokoa siku moja.

Hatua ya 6: Usajili

Andikeni katiba fupi mnayoielewa, siyo ile ya kunakili yenye kurasa ishirini. Ambatanisheni muhtasari wa kikao, orodha ya wanachama na barua ya serikali ya mtaa, mpeleke ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri. Kwa upande wa sanaa kuna BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, lililoundwa kwa sheria namba 23 ya mwaka 1984. Mwoneni afisa utamaduni wenu awaelekeze. Ukishapata cheti ndipo watu wenye bahasha wanaanza kukujua.

Hatua ya 7: Bahasha

Ya kwetu ilikuja na shilingi 300,000. Shirika fulani lilitaka igizo la siku moja. Nilikuwa kiongozi, nikapokea mimi, peke yangu. Nikalipa gari la kubeba ngoma, nikalisha watu, nikaona nguo zetu zimechakaa nikanunua vitambaa, na jioni nikampa kila mmoja 10,000. Sikula hata senti moja. Lakini nani angejua? Risiti sikuwa nazo, na jumla ya hela hawakuisikia kwangu. Waliisikia kwa mtumishi wa lile shirika. Wiki iliyofuata mazoezini walikuja nane kati ya kumi na wanne. Wawili kati ya waliosusa hawakurudi tena, na mmoja wao alikuwa mpiga ngoma ambaye sijapata wa kufanana naye.

Utaratibu wetu wa sasa ni huu. Kiasi kinatajwa mazoezini kwa sauti, kabla ya siku ya kazi. Hela inapokelewa na watu watatu, mmoja wao asiwe kiongozi. Gharama zinatolewa kwanza, kwa risiti. Kinachobaki, asilimia 30 mfuko wa kikundi, na iliyobaki inagawanywa sawa kwa kila aliyekuwapo siku ile, awe mhusika mkuu au mbeba ngoma.

Ichukueni 300,000 ile ile: gari 40,000, chakula 20,000, zinabaki 240,000. Mfuko 72,000. Zinabaki 168,000 kwa watu kumi na wanne, kila mmoja 12,000. Hesabu inapigwa ubaoni, watu wakiona. Vitambaa vinatoka kwenye mfuko, kwa kikao, na kama kikao kinakataa, mnavaa nguo zilizochakaa.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama, Kigoma: Shikamoo mwalimu. Mimi ni binti wa miaka 19, naipenda sanaa, ila baba anasema maigizo ni uhuni. Nifanyeje?*

Marahaba binti yangu. Usimbishie. Mwombe mama au shangazi aje kuangalia mazoezi siku moja bila taarifa, akutane na hali halisi. Kama kikundi chako hakiwezi kutembelewa bila taarifa, basi baba ana hoja.

*Mwanachama, Mbeya: Kaka, kugawa sawa kwa sawa mimi sikubaliani. Mhusika mkuu anatoka jasho dakika thelathini, mwingine anasimama kama mti. Walipwe sawa kweli?*

Hoja yako naielewa, hata kwetu ilizua ugomvi. Tuliimaliza kwa kuzungusha uhusika. Aliyekuwa mti mwezi huu, mwezi ujao ndiye mama mwenye nyumba. Ukiona kuna mtu mmoja asiyeweza kubadilishwa, kikundi chako ni cha mtu mmoja, na siku akipata kazi Dodoma mmekwisha.

*Mwanachama, Mombasa: Sisi huku hatuna ukumbi, na kukodi ni ghali. Mwashauri vipi?*

Ndugu yangu, mbona mfano mko nao kwenu? Kamĩrĩĩthũ, Limuru, mwaka 1977, wanakijiji walijenga ukumbi wa wazi kwa mikono yao, wa watu zaidi ya 2,000. Najua yaliyofuata: kibali cha kuonyesha mchezo wao kiliondolewa Novemba mwaka huohuo, na 1982 ukumbi ukabomolewa. Lakini waliujenga. Nanyi kwa sasa tafuteni uwanja wenye kivuli saa za alasiri, na mkeka.

*Mwanachama, Morogoro: Nasikia halmashauri zinatoa hela kwa vikundi vya vijana. Sisi wa sanaa tunaruhusiwa kuomba?*

Kuna asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo 4 ni ya wanawake, 4 vijana na 2 watu wenye ulemavu. Ila sikiliza vizuri: ni mkopo. Hauna riba, lakini unarudishwa. Maonyesho peke yake hayarudishi mkopo, usijidanganye. Wenzetu walikopa kwa ajili ya viti na mahema ya kukodisha, na hayo ndiyo yanayolipa. Maigizo wanafanya jioni. Muulize afisa maendeleo ya jamii wa kata yako masharti ya sasa.

*Mwanachama, Dar es Salaam: Mkuu, kuonyesha matatizo bila kuwa na uwezo wa kuyatatua si kupoteza muda?*

Nami niliwahi kuuliza hivyo. Yule Boal alipokuwa diwani wa Rio de Janeiro, 1993 hadi 1996, alikuwa anachukua yaliyotoka kwenye maigizo ya mitaani anayageuza mapendekezo ya sheria za jiji, na sheria kumi na tatu zikapita. Sisi hatuna diwani wetu. Tunachofanya, mmoja anaandika kila pendekezo lililotolewa uwanjani, na Jumatatu tunalipeleka ofisi ya mtaa likiwa na tarehe, tunagongewa mhuri.

*Mwanachama, Tanga: Hongera kaka, nimewaona mara mbili. Kwa miaka yote hiyo, mafanikio yenu makubwa ni yapi? Mmewahi kuchukua kombe?*

Kombe hatuna. Tulishika nafasi ya nne kwenye mashindano fulani, tukapewa cheti ambacho jina la kikundi limekosewa herufi mbili. Tumekitundika hivyo hivyo. Vijana wetu watatu wamekwenda kusoma sanaa Bagamoyo, kwenye chuo cha sanaa cha TaSUBa, na mmoja anarudi likizo kufundisha wenzake.

Na kioski cha maji. Siku kadhaa baada ya lile onyesho kamati ilikaa, ukachongwa ufunguo wa pili, ukapewa muuza maji. Sasa anafungua saa kumi na moja alfajiri. Yule mama wa mihogo bado hajaturudishia kanga.