Mkisimama mlimani, vaa koti la joto juu ya koti la mvua

Hili nimelijifunza kwenye milima ya Cairngorms, Scotland, tukiwa watu wanane kwenye mvua ya upepo. Mkisimama tu, hata kabla hujasikia baridi, toa koti nene la joto ulivae juu ya koti la mvua lililolowa. Usivue chochote. Ukivua ili upange nguo vizuri, upepo unaondoka na joto lote ulilolipata kwa kutembea, na vidole vikishakufa ganzi hata zipu haishikiki. Kwenye kundi ndiyo muhimu zaidi, maana "dakika mbili" za kumsubiri wa nyuma au kusoma ramani huwa kumi, na anayeumia ni yule anayenyamaza. Nunua saizi kubwa, liweke juu kabisa kwenye begi, ndani ya mfuko wa plastiki. La manyoya ya bata halifai hapo: likilowa linashikana madonge na halipashi tena. Chukua la nyuzi za viwandani. Mkianza kutembea livue, la sivyo jasho litakulowesha kwa ndani. Na kama upepo unawayumbisha, koti halitawaokoa. Msisimame hapo, shukeni kwanza upande uliokingwa.