Uwanja wa nyasi bandia wenye taa kwenye bustani ya jiji: anzia chini

Ukiagiza nyasi kabla hujajua maji ya masika yatapita wapi, umeagiza hasara. Katika miji ya pwani kama Dar es Salaam viwanja hivi huanza kuharibika chini: udongo wa mfinyanzi hunywa maji ukavimba, jua likija unasinyaa, na kapeti la nyasi bandia linafuata mabonde yake.

Chimba mashimo matano ya kina cha mita moja na nusu, manne kwenye pembe na moja katikati. Lowesha udongo, uviringishe kiganjani. Ukitoka kamba nyembamba isiyokatika, huo ni mfinyanzi: ondoa nusu mita, jaza changarawe, shindilia.

Uwanja kamili ni mita 105 kwa 68. Ongeza mita 3 kila upande, unapata 111 kwa 74, yaani mita za mraba 8,214. Magoli yakae kaskazini na kusini, la sivyo kipa mmoja atadaka kila jioni jua likiwa machoni. Eneo likibana, viwanja viwili vya watu saba vya mita 60 kwa 40 huhudumia mtaa vizuri kuliko kimoja kikubwa kilichobanwa.

Laza kitambaa cha kuchuja, kisha mabomba ya milimita 100 yenye matundu, yanayomwaga kwenye bomba kubwa la pembeni. Juu yake kokoto sentimita 20, zikishindiliwa kwa tabaka mbili. Ukizishindilia kwa mpigo mmoja, juu panakaza na chini panabaki palegevu. Agiza kama mita za ujazo 2,100, maana zikishindiliwa hubaki takriban 1,650. Zenye vumbi jingi zirudishe: zinageuka sakafu, maji hayapiti. Mteremko uwe nusu hadi asilimia moja kutoka katikati kwenda pembeni. Laza rula ya mita 3. Mwanya ukizidi milimita 10, rudia hapo. Mabomba ya nyaya za taa yapite sasa hivi, kabla ya kufunika.

Nguzo sita zinatosha, tatu kila upande, mita 4 nje ya mstari. Kutoka katikati ya uwanja hadi nguzo ni mita 38; zidisha kwa 0.47, unapata kimo cha karibu mita 18. Nguzo fupi hulazimisha taa ziinuliwe, zikamulika macho ya wachezaji na vyumba vya majirani. Ligi ya mtaa inataka luksi (kipimo cha mwanga unaofika uwanjani) 200, mazoezi 75. Kwa taa za LED hiyo ni takriban kilowati 25 hadi 30, kwa hiyo omba umeme wa fezi tatu mapema. Nguzo na bolti zichovywe zinki. Zilizopakwa rangi tu huliwa na chumvi kwenye kitako, zinapokutana na zege, mahali ambapo hakuna anayeinama kutazama.

Kapeti huja kwa mikanda ya mita 4. Unahitaji 28 yenye urefu wa mita 74. Unga kwa utepe na gundi ya poliyurethani ya sehemu mbili. Asubuhi yenye umande usigundishe: gundi hiyo ikikutana na maji hutoa povu, haishiki. Kesho yake vuta ncha ya kiungo. Ikibanduka kwa vidole, njumu zitaimaliza.

Mwaga mchanga kilo 15 kwa mita ya mraba, halafu chembe za mpira kilo 12, kidogo kidogo huku ukipiga brashi: jumla tani 123 na 99. Mchanga wa ufukweni hapana, una chumvi na vipande vya makombe. Zungushia ukingo wa sentimita 20 chembe zisiingie mitaroni. Umoja wa Ulaya uliamua mwaka 2023 kuzuia uuzaji wa chembe hizo kuanzia Oktoba 2031 kwa sababu zikitoroka huchafua mazingira.

Mchana kapeti linaweza kupita nyuzi 60, hivyo watu watacheza jioni na usiku. Piga brashi kila wiki na jaza chembe mdomoni mwa goli, zinakoisha haraka kuliko popote. Miti ya kivuli ipandwe mita 10 mbali: majani yake yakioza juu ya kapeti huziba njia ya maji.