Jinsi ya kusikia undugu wa grime na hip hop

Mpwa wangu aliniuliza akiwa bado mlangoni, begi mgongoni: "Shikamoo Mjomba. Eti grime si ni hip hop tu ya Waingereza?"

Nikamwambia marahaba, vua viatu, kaa. Swali hilo nimeulizwa mara nyingi tangu nianze kupiga santuri kwenye sherehe hapa London, na kila nikilijibu kwa neno moja najiona nimemdanganya mtu. Ninavyolielewa mimi, grime, muziki wa kuchana wa mashariki ya London, na hip hop ni mabinamu. Bibi yao ni mmoja, wakalelewa nyumba mbili mbalimbali, na walipokutana ukubwani sura zikafanana kiasi kwamba mgeni hudhani mmoja kamzaa mwenzake. Tulikaa mpaka usiku tukisikiliza. Naandika hapa tulivyofanya ili na wewe ujaribu. Tafuta saa inayoonyesha sekunde na hedifoni zenye besi ya kutosha. Spika ya simu haifai, maana nusu ya grime iko chini kabisa ambako spika hiyo haifiki.

Anza na saa

Weka "That's Not Me" ya Skepta na JME, ya mwaka 2014. Gonga meza kwa kidole ukifuata mapigo kwa sekunde 15, kisha zidisha kwa nne. Utagonga mara 35 hivi, yaani mapigo 140 kwa dakika, na hapo ndipo grime inapoishi. Sasa weka wimbo wowote wa hip hop ya New York ya katikati ya miaka ya 1990, ugonge tena. Kidole kitatua mara 22, 23, labda 24. Hayo ni mapigo tisini hivi.

Mpwa akasema, "Kumbe ni kasi tu." Hapana, ila kasi inakuonyesha muziki umetokea wapi. Ile 140 ilitoka kwenye kumbi za dansi za Uingereza. Kabla ya grime kulikuwa na UK garage, iliyokwenda kwenye mapigo 130 na kitu, na kabla ya garage kulikuwa na jungle, iliyokimbia zaidi ya 160. Ma-MC, yaani wachanaji, walihama kutoka nyumba moja kwenda nyingine wakiwa na maiki zao. Kwa hiyo grime ilipozaliwa mashariki ya London, mnamo 2002 hivi, tayari ilikuwa na miguu ya mcheza dansi, na juu ya miguu hiyo mchanaji alilazimika kukimbia. Hip hop ya mapigo tisini hivi inamwachia mchanaji nafasi ya kutembea, kusimama, kusimulia kisa kwa kituo.

Kuna mtego lakini. Drill ya London nayo iko kwenye 140, na drill ni mtoto halali wa hip hop aliyetokea Chicago. Saa peke yake itakudanganya hapo. Sikiliza ile ngoma kali inayolia "pa". Kwenye drill inapiga kwenye pigo la tatu la baa (baa ni mapigo manne), na baa inayofuata inacheleweshwa mpaka la nne, huku besi ikiteleza kutoka noti moja kwenda nyingine na mchanaji akienda taratibu kana kwamba wimbo uko kwenye 70. Kwenye grime MC anapanda mapigo yote 140, silabi zimejaa, pumzi anaiba. Mpwa alikosea mara tatu kabla sikio halijakaa sawa. Usikate tamaa ukikosea.

Chunguza biti imetengenezwa na nini

Biti ya hip hop kwa asili ilitoka ndani ya santuri za watu wengine: kipande cha ngoma cha wimbo wa funk au soul kinakatwa, kinazungushwa, kinarudiwa. Ndiyo maana mara nyingi inasikika na joto, na mchakacho wa santuri kuukuu unabaki ndani yake. Vijana wa Bow, kule Tower Hamlets, mashariki ya London, hawakuanzia kwenye kabati la santuri. Walianzia kwenye kompyuta yenye programu ya FruityLoops, na wengine kwenye PlayStation, kwa kutumia mchezo wa kutengenezea muziki uitwao Music 2000. Weka "Eskimo" ya Wiley, MC na mtengenezaji wa biti, uelewe ninachosema. Besi ina makali ya mraba na inateleza, ngoma ni chache, na katikati kuna nafasi tupu zinazoleta baridi. Mwenyewe aliuita mtindo wake eskibeat, na jina lilimfaa.

Baada ya hapo weka "Fix Up, Look Sharp" ya Dizzee Rascal. Imo kwenye albamu yake ya kwanza, *Boy in da Corner*, iliyoshinda Mercury Prize, tuzo ya albamu ya mwaka, mwaka 2003, na watu wengi huitaja albamu hiyo kuwa nguzo ya grime. Lakini gonga meza. Utakuta tisini na kitu! Ngoma zake zimekatwa kutoka "The Big Beat" ya Billy Squier, wimbo wa 1980 ambao wachanaji wa Marekani walikuwa wameutumia tangu zamani. Mwaka huohuo wa 2003 Jay-Z, mchanaji wa New York, alitoa "99 Problems", na ndani yake mna ngoma zilezile za Billy Squier. Cheza nyimbo hizo mbili zikifuatana. Biti zimeshonwa kwa kitambaa kimoja, mmoja anachana kwa lafudhi ya Brooklyn, mwingine anapaza sauti ya Bow. Mpwa aliposikia ngoma zile kwa mara ya pili alinishika mkono. Hapo ndipo alipoanza kuniamini kwamba mabinamu hawa wanatembeleana na kuazimana nguo.

Mfuate bibi

Bibi yao ni Mjamaika, naye ni sound system: rundo la spika kubwa uani au ukumbini, mtu wa kupiga santuri, na mtu wa maiki wa kuwachangamsha waliokuja. Clive Campbell, yule DJ Kool Herc, alizaliwa Kingston akahamia Bronx, New York, akiwa mtoto wa miaka 12. Tarehe 11 Agosti 1973 alipiga muziki kwenye sherehe ya dada yake katika jengo namba 1520 la Sedgwick Avenue. Watu wa hip hop huhesabu umri wao kuanzia usiku ule. Herc alitumia nakala mbili za santuri moja ili kipande cha ngoma kisiishe, na kwenye maiki alikuwepo Coke La Rock akiwaita watu kwa majina.

Upande wa Uingereza, Wakaribi waliofika kuanzia miaka ya 1940 walikuja na sound system zao. Kufikia miaka ya 1980 ma-MC wa sound system ya Saxon, kusini mwa London, akina Papa Levi na Tippa Irie, walikuwa wanachana kwa kasi ya ajabu juu ya rege. Zisikilize rekodi zao halafu urudi kwa MC yeyote wa grime. Kasi ile haikuhitaji kwenda New York kwanza.

Hilo halina maana kwamba vijana wa Bow hawakuisikia hip hop. Waliisikia sana, na wengi waliipenda. Ila walipoipenda tayari walikuwa na kwao.

Msikilize MC, uone anamhudumia nani

Hapa ndipo moyo wangu ulipo, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Nilifika London mwaka 2003, nikaishi kwa shangazi Forest Gate. Jikoni kulikuwa na redio ndogo dirishani, antena yake imevunjika, na mama yake mpwa wangu alikuwa ameiunga kwa waya wa kutundikia nguo. Kituo kilikuwa cha kificho, hakina leseni, kinarushwa kutoka juu ya paa la ghorofa fulani. Ukiisogeza redio kidogo tu kinapotea. Kwa hiyo mmoja alishika waya, mwingine akakoroga chungu.

Tulichokisikia hakikuwa nyimbo. Kilikuwa saa mbili za DJ mmoja na ma-MC watano wakipokezana maiki moja. Biti zilikuwa tupu, bila maneno. "Pulse X" ya Youngstar, ya 2002, ilikuwa imetengenezwa hivyo makusudi: baa nane ngoma zinakwenda hivi, baa nane zinageuka, na zamu ya MC inakwisha hapohapo. Usipokuwa tayari zamu yako ikifika, mwenzako keshaichukua. MC akiangusha mstari mtamu, wasikilizaji walibipu namba ya studio. Simu nyingi zikiingia, DJ anaweka kiganja juu ya santuri, unasikia mlio wa kurudi nyuma kama kitambaa kinachochanwa, kimya cha nusu sekunde, halafu biti inaanza upya na MC anaurudia mstari uleule huku wenzake wakiumalizia naye. Shangazi hakuelewa hata neno moja, lakini na yeye alikuwa anasubiri kimya kile.

Kitendo hicho cha kurudisha santuri ni cha bibi. Wajamaika walikifanya tangu zamani, na hip hop haikukipa uzito wa namna hiyo. Kwa hiyo ukisikiliza grime, usihukumu kwa kuuliza kama ubeti una kisa chenye mwanzo na mwisho. Uliza: mstari huu ungemfanya DJ arudishe? MC wa grime ana mistari yake anayotembea nayo, anaiweka leo juu ya biti hii, kesho juu ya nyingine, na mashabiki wanaijua kwa moyo. Kwenye hip hop ya kurekodi ubeti ni mali ya wimbo wake, na mchanaji anayehamisha ubeti uleule kila wiki ataonekana mvivu.

Malumbano yapo kote kuwili. Kama unataka kuyaona kwa macho, tafuta *Lord of the Mics*, DVD ya 2004 iliyorekodiwa chini ya nyumba ya wazazi wa Jammer, mtu wa grime, kule Leytonstone, Wiley na MC mwenzake Kano wakitupiana mistari kwenye chumba kidogo.

Kwa nini redio na DVD, siyo ukumbini? Kwa sababu kumbi zilifungwa kwa vijana hawa. Kuanzia 2005 polisi wa London walikuwa na fomu namba 696, iliyowataka waandaaji waeleze muziki utakaopigwa, na mwanzoni ikauliza hata asili ya watu wanaotarajiwa kuja. Iliondolewa mwaka 2017. DJ Slimzee, mmoja wa walioanzisha kituo cha kificho cha Rinse FM mwaka 1994, alipigwa marufuku mwaka 2005 kupanda paa la jengo lolote la zaidi ya ghorofa nne ndani ya Tower Hamlets. Rinse yenyewe ilikuja kupata leseni mwaka 2010. Kila nikifikiria mtu kukatazwa paa kwa sababu ya antena, nakumbuka ule waya wa jikoni.

Ukitaka kuzipiga pamoja

Usifanye nililofanya mimi mwaka 2006. Kwenye sherehe ya kuzaliwa ya rafiki nilitoka kwenye hip hop ya mapigo 92 nikaangusha grime ya 140 moja kwa moja. Waliokuwa wanacheza walisimama, wakatazamana, wakaenda kutafuta maji. Niliumia, na kwa wiki kadhaa nilikaa na santuri zangu nikitafuta daraja.

Madaraja ni mawili. La kwanza ni hip hop ya kusini mwa Marekani na trap yake: nyingi iko kwenye 70 au karibu nayo, na 70 ni nusu kamili ya 140, kwa hiyo unaingiza grime juu yake na ngoma zinakubaliana bila kugombana. La pili ni "Fix Up, Look Sharp", ambayo watu wa hip hop wanaitambua kwa ngoma na watu wa grime wanaitambua kwa sauti. Ikiisha, sema neno kwenye maiki, acha kimya kidogo, ndipo upandishe 140. Baada ya hapo watembeze wakati walipokutana kwa hiari: Dizzee akiwa na kundi la UGK la Texas mwaka 2007, Skepta akiwa na Pharrell kwenye albamu yake *Konnichiwa* ya 2016, halafu Skepta na A$AP Rocky mwaka 2018.

Saa nne usiku mpwa alitoa simu yake akaweka wimbo nisioujua, wa kijana wa mtaani kwao. Hakunitazama. Aligonga meza, macho kwenye saa, midomo ikihesabu. Thelathini na tano. Akainamisha kichwa kuisikiliza ile "pa", akangoja baa ya pili, akatabasamu.

"Hii ni drill, Mjomba. Umesikia? Imechelewa."