Kumsaidia dogo kutafuta x bila kumkaririsha "ikivuka inabadilika"

Haya wadau, dogo akija na daftari la hesabu kuna x + 7 = 15, usikimbilie kumwambia saba ikivuka kwenda upande wa pili wa = inabadilika alama. Najua wengi tulifundishwa hivyo na jibu linakuja, ila kesho akikutana na 3x = 12 anaivusha ile 3, anaandika x = 12 - 3, anapata 9 na anajiona yuko sawa kabisa.

Muulize tu, hapa x kafanywa nini? Kaongezewa 7. Basi tunaitoa, na tunaitoa pande zote mbili, ukitoa upande mmoja ile alama ya sawasawa inakuwa inadanganya.

x + 7 = 15
x + 7 - 7 = 15 - 7
x = 8

Huo mstari wa kati auandike hata akinuna, somo lenyewe liko hapo. Halafu airudishe 8 pale palipokuwa na x: 8 + 7 = 15, imekubali, hana haja ya kukuuliza wewe kama kapata. Ikiwa x - 4 = 9 anajumlisha 4 kote, 13, tusonge.

Kasheshe iko kwenye kuzidisha. Namba ikigandana na herufi bila alama katikati maana yake zimezidishwa, na hili wengi hawaambiwi. Mtume dogo soko la Kilombero pale Arusha (au Mbuyuni kama mko Moshi), karudi na parachichi 4 za bei moja, zote 2,000. Hapo tayari una 4p = 2000, p ni bei ya moja. Hamna mtoto wa Arusha atakayetoa 4 akwambie parachichi moja ni 1,996, atagawa kwa 4 fasta aseme mia tano. Mwambie sasa 3x = 12 ni mambo yale yale, gawa kwa 3 kote, x = 4. Na x/5 = 6 zidisha kwa 5 kote, 30.

Akiona 15 = x + 6 asishtuke x kukaa kulia, anatoa 6 kote anapata 9. Akifika fomu wani lugha inageuka Kiingereza ila hatua ni hizi hizi.

Cha kumkazia zaidi ni hasi. Kwenye -2x = 10 wengine wanajumlisha 2 kwa sababu wameona alama ya kutoa, wakati hiyo hasi ni ya ile 2 yenyewe, kwa hiyo anagawa kwa -2 nzima nzima: x = -5. Akibisha azidishe mwenyewe, -2 mara -5.