RSVP kwenye kadi ya harusi: namna ya kuiandika na kuijibu

Mimi ni katibu wa kamati za harusi hapa Moshi, na namba yangu imeshachapwa chini ya RSVP kwenye kadi nyingi. Wanaonipigia wengi huuliza ukumbi uko wapi. Wachache ndio husema kama wanakuja. Watu wamezizoea herufi hizo kama kichwa cha mawasiliano, kumbe ni ombi la Kifaransa, répondez s'il vous plaît, yaani tafadhali jibu. Waingereza waliliingiza kwenye mialiko yao, nasi tukalipokea kwao. "Tafadhali" imo tayari ndani yake, kwa hiyo usiandike "Tafadhali RSVP".

Unayechapisha kadi, weka tarehe ya mwisho ya kujibu. Muulize mpishi siku anayofunga hesabu ya sahani, kisha rudi nyuma siku mbili tatu. Namba iwe ya mtu anayepokea simu. Mama wa bibi harusi muacheni, wiki ile simu yake haishiki. Na andika namba ipi ni ya upande wa bwana, ipi ya bibi.

Wewe uliyealikwa, elewa hili: kutoa mchango si kujibu. Mchango wako yuko nao mweka hazina, mimi bado sijui kama utakaa kitini. Ujumbe mfupi unatosha: "Shikamoo mama. Kadi ya double nimeipata, nitafika na mume wangu." Kama kadi ni single na unataka kuja na mwenzako, uliza mapema, usimlete mlangoni.

Kukataa ndiko kunakowashinda watu, wanaona ni kuivunjia familia heshima. Hapana. Desemba, Wachagga wote wakiwa nyumbani, Jumamosi moja mtu ana kadi tatu, na sisi tuna shangazi wa Rombo aliyekosa nafasi. Andika: "Hongereni sana. Siku hiyo nina harusi nyingine, sitafika. Nafasi yangu mpeni mwingine." Nitakushukuru kwa dhati.

Kadi ya WhatsApp yenye kitufe cha kuthibitisha, bonyeza tu.

Ukishakubali halafu ukapata msiba au mgonjwa, piga hata asubuhi ya harusi. Sahani yako tutampa mpiga picha au dereva wa maharusi, maana hao husahaulika sana kwenye hesabu.